Bei ya mafuta huipangi wewe, daftari la madeni ni lako
Wenye maduka wenzangu, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji Tanzania, wakitangaza bei kikomo za mafuta, najua roho zinavyokuwa juu. Nauli ya mzigo kutoka Kariakoo ikipanda, utamlalamikia nani? Ila leo jioni, kabla hujafunga duka, fungua daftari la madeni. Andika upya kwenye karatasi moja: nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini. Anza na yule wa elfu nane ya juzi, si yule wa laki mbili ya mwaka jana, maana deni bichi hulipika. Mpigie simu, usimtumie ujumbe, na mkubaliane siku.

Kisha pitisha kidole kwenye rafu. Kopo lenye vumbi ni pesa yako imelala pale. Mimi hulishusha bei hata kama nitarudisha mtaji tu, nikaongeze unga na sukari, vitu vinavyotoka kila siku.

Na tafadhali sana, hela ya mboga ya nyumbani isichotwe kwenye droo ya mauzo. Jilipe kiasi maalumu kila Jumamosi, hata kama ni kidogo.