Kabla Nissan Leaf ya mtumba haijafika nyumbani

Leaf, gari la umeme la Nissan, nyingi zinazoshuka Mombasa na Dar es Salaam zimetoka Japani, na tangazo la gari lenye betri ya kWh 40 huweza kutaja umbali wa kilomita 400. Hicho ni kipimo cha zamani cha Kijapani, JC08. Kipimo cha Marekani kwa betri hiyohiyo ni kilomita 243 ikiwa mpya. Panga safari zako kwa kilomita 6 hadi 7 kwa uniti moja (kWh 1), kisha punguza kwa kadiri betri ilivyochoka.

Uchovu huo ndio wa kuchunguza kwanza. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, kwa hiyo joto la pwani huiumiza kuliko magari mengine ya umeme. Ukingoni mwa geji ya dashibodi kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Cha kwanza kikizimika, takriban asilimia 15 ya uwezo imekwisha kwenda. Usiviamini peke yake, maana kuna wauzaji wanaoviwasha upya kwa kompyuta. Chomeka kisomaji cha OBD cha Bluetooth (kifaa kinachosoma kompyuta ya gari), fungua programu ya LeafSpy, usome SOH (asilimia ya afya ya betri) na idadi ya chaji za haraka. Kisha endesha gari kutoka chaji kamili na ulinganishe kilomita na asilimia zilizotumika. Zile za kWh 24 za 2011 na 2012 tungeziacha kabisa kwa mtu wa pwani.

Soketi ya nyumbani ndiyo inayowaangusha wengi. Pini tatu ya ampea 13 haikukusudiwa kubeba mzigo mzito usiku kucha: chuma cha ndani kikilegea kidogo tu, mguso unakuwa hafifu, joto linapanda, plastiki inayeyuka. Weka chaja kwenye ampea 10, usitumie ekstensheni, na baada ya nusu saa gusa kifuniko cha plagi. Kikiunguza, zima ukutani na umwite fundi umeme. Kwa ampea 10, betri ya kWh 40 kutoka asilimia 20 hadi 80 ni kama saa 12 na uniti 27 au 28. Salio la LUKU au tokeni liwepo kabla hujalala. Kebo iliyokuja na gari kutoka Japani ni ya volti 200, ilhali soketi zetu hutoa 230 hadi 240, kwa hiyo nunua nyingine iliyoandikwa 240 badala ya kukata plagi na kubandika ya hapa.

Chaja ya ukutani ya ampea 32 inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye meni switchi: waya wa shaba usiopungua 6 mm², breka ya ampea 40, kikata umeme cha miliampea 30 kinachotambua pia uvujaji wa DC (mkondo mnyoofu), na ethi iliyopimwa kweli. Usilipie chaja ya kilowati 22, kwani Leaf za Japani hupokea kilowati 3 au 6 tu.

Kwa vituo vya nje, jua matundu ya chaji ya gari lako: Type 1 kwa chaji ya polepole, CHAdeMO kwa ya haraka. Vituo vingi vipya vina Type 2 (ya polepole) na CCS2 (ya haraka), hivyo beba kebo ya Type 2 kwenda Type 1. CCS2 usiihesabu, kwani Leaf haina tundu lake.

Chaji ya kila siku iishie asilimia 80. Kuegesha ikiwa imejaa kwenye jua kali huzeesha betri haraka. Betri ndogo ya volti 12 nayo ipimwe, kwa sababu ikifa gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa. Kwenye buti utakuta pampu na gundi badala ya tairi la akiba, kwa hiyo tafuta tairi lake mapema. Fundi wa gereji ya mtaani aambiwe wazi: nyaya za rangi ya chungwa hazishikwi bila mafunzo, zina volti zaidi ya 300.