Kabla Hujanunua Crown, E60 au E-Class Ukiwa Mwanza

Sedani ya kifahari yenye mbio, ya ukubwa wa kati, kama Toyota Crown, BMW E60 (5 Series) au Mercedes E-Class, hainunuliwi kwa rangi wala kwa mlio wa sailensa. Kabla hujampigia dalali, jibu hili: likizima Jumatano jioni pale Usagara, nani Mwanza hii atalifungua, na kwa mashine gani ya kupimia? Kama jina la fundi huyo huna, ahirisha. Mtafute yeye kwanza, muulize ni gari gani anazozimudu, ndipo uchague kati ya hizo.

Jipya la kiwandani linamfaa mwenye safari za Dar kila mara. Dhamana hushika pale sevisi inapofanywa kwa wakala na kumbukumbu zikaandikwa, na kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100. Muulize wakala kwa maandishi kama anatuma fundi Mwanza, na nani analipa gari likipandishwa kwenye lori. Akijibu kwa mdomo tu, hajajibu.

La kuagiza Japani, piga hesabu ya kodi kabla ya kupenda picha. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unakwenda kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa cc 1,001 hadi 2,000, asilimia 10 ukizidi hapo. Juu yake kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likivuka 10. Hizi hazijumlishwi kando kando, zinapandiana, na TRA, mamlaka ya mapato, hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake, si ile ya risiti yako. Viwango huguswa bajeti inaposomwa Juni, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo cha TRA siku unayotaka kulipa. Tofauti ndogo ya injini inaweza kukuokolea fedha: Crown Athlete ya 2015 na kuendelea yenye turbo ya 8AR-FTS ina cc 1,998, wakati ile ya 4GR-FSE ina cc 2,499. Hiyo turbo ina faida nyingine kwetu. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Toyota Mark X ya lita 2.5 iliyokuwa ikiruka Dar utaiona inapumua kwa shida ikipanda Bugando na watu watano.

La mkononi, lenye usajili wa hapa wa namba D au namba E, lina uzuri wake: unaliendesha kabla ya kulipa. Lakini liangalie asubuhi, likiwa baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, rudi kesho. Anayelipasha gari moto kabla ya mteja anaficha mlio wa cheni, moshi wa kwanza, au giaboksi inayogoma kuingia.

Sasa kwa ufupi, kila familia na ugonjwa wake. Crown na Mark X zenye 4GR-FSE hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta na hujaa masizi. Ukisikia inatetemeka ikisimama au inakosa moto, usikubali kuambiwa ni plagi tu. Mercedes E-Class za W211 za 2002 hadi 2006 nyingi zina breki za SBC zenye pampu ya umeme inayohesabu matumizi yake. Hesabu ikifika mwisho, maandishi mekundu hutokea na pampu hubadilishwa. Toleo lililoboreshwa la 2006 liliachana nayo, basi tafuta hilo. Ukikuta injini ya V6 ya M272, soma namba ya injini: zilizo chini ya 30 468993 zina gia ya shafti ya mizani inayolika, na kuitengeneza ni kushusha injini nzima. BMW F10, iliyoifuata E60, yenye injini ya N20 ina miongozo ya cheni ya plastiki inayokatika. Sikiliza mlio wa kukwaruza mbele ya injini. Dizeli za Ulaya zenye kichujio cha masizi waachie wanaokwenda Shinyanga kila wiki. Kwa safari fupi za Nyakato hadi mjini, kichujio hakipati joto la kujisafisha, kinaziba.

Kisha mfumo wa kupoza. Hapa usifanye haraka, kwa sababu hapa ndipo magari mengi mazuri yanapofia.

Kisa hakibadiliki sana. BMW E60 ya 2006, injini ya N52 ya silinda sita, imeletwa kutoka Dar kwa bei inayokufanya umpigie shemeji yako kumweleza. Mwenye gari wa kwanza aliona kulanti, kimiminika cha kupozea injini, inapungua, fundi akajaza maji ya bomba. Ikapungua tena, akajaza tena. Baadaye taa ya injini ikawaka kwa ajili ya themostati, vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta, na fundi mwingine akaichomoa, kwa ile imani kwamba nchi ya joto haiihitaji. Gari likatembea. Likapakwa nta, likapigwa picha likiwa na ziwa nyuma yake, likauzwa.

Mnunuzi analiendesha wiki kadhaa kwenye tambarare, hakuna shida. Siku moja yuko kwenye foleni ya Mabatini, AC inafanya kazi, abiria wamejaa. Pampu ya maji ya N52 ni ya umeme: haina mkanda, haipigi kelele kabla ya kufa, na haimwagi tone. Inasimama tu. Kwenye dashibodi hamna mshale wa joto, E60 hizi haziji nao. Inakuja alama ya njano, halafu nyekundu, na dereva anasema, "Ngoja nifike tu nyumbani, si mbali." Kilomita mbili za kupanda Isamilo zinatosha kupinda silinda hedi. Fundi wa kawaida atasema ni gasketi tu. Tatizo ni kwamba bloku ya N52 ina ganda la magnesiamu, na bolti nyingi zinazoingia humo ni za alumini za kutumika mara moja. Akizirudisha za zamani, au akaweka za chuma alizookota kwenye kopo, kazi itarudi ndani ya miezi michache. Mwisho unaagizwa injini iliyotumika kutoka Dar, ije kwenye basi hadi Nyegezi, nayo haijulikani ilichemshwa mara ngapi.

Kwa nini maji matupu yanaua? Kwa mwinuko wetu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wakati kompyuta ya N52 huiacha injini ifike nyuzi 105 na zaidi inapokwenda taratibu, ili kubana matumizi ya petroli. Kinachozuia kuchemka ni shinikizo linaloshikwa na mfuniko wa tangi pamoja na kulanti. Mfuniko uliochoka na maji ya bomba ni hatari mbili kwa pamoja, na maji hayo huacha magadi na kula alumini kwa ndani. Kuondoa themostati nako si kupoza: njia ya mkato ya maji hubaki wazi, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na kompyuta hupokea taarifa za uongo.

Hivyo, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa tangi la kulanti. Unataka kuona rangi safi ya buluu au kijani. Ukiona kahawia, utando wa mafuta, au maji matupu yasiyo na rangi, shusha bei kwa gharama ya pampu na themostati, au ondoka. Bonyeza mipira: iliyokakamaa au kuvimba inabadilishwa. Tazama mishono ya tangi la plastiki. Kisha unganisha mashine inayosoma data ya BMW yenyewe, siyo kile kifaa kidogo cha bei ya soda, na uangalie joto la injini pamoja na mizunguko ya pampu iliyoamriwa na ile halisi. Namba hizo mbili ziende sambamba. Baadaye panda nalo Capri Point mara mbili, AC ikiwa juu kabisa, fundi akisoma joto.

Kama hakuna risiti ya pampu na gari limepita kilomita 100,000, hesabu kwamba unainunua wewe. Nunua pampu, themostati na bolti 3 mpya za alumini kwa pamoja. Kulanti iwe ya aina ya G48, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa; lita 5 za kila moja zinatosha na kubaki. Ukinunua maji ya betri dukani soma chupa, yapo yenye asidi. Kutoa hewa hakufanyiki kwa kupiga resi kama kwenye Corolla. Unafunga chaja kwenye betri, unawasha swichi bila kuwasha injini, unaweka hita kwenye joto la juu kabisa na feni kwenye kasi ya chini kabisa, kisha unakanyaga mafuta hadi chini kwa sekunde 10 na kuachia. Pampu itajiendesha dakika 12 hivi. Ikinyamaza, jaza hadi alama, funga. Fundi asiyejua hatua hizi asiiguse E60 yako.

Mwenye Crown asicheke. Pampu za maji za injini za GR, kama hiyo 4GR, huvuja pia. Dalili ni ukoko wa waridi uliokauka kando ya pampu. Afadhali Crown ina mshale wa joto. Na gari lolote linalolala karibu na ziwa, chungulia kati ya kondensa ya AC na rejeta: wadudu wale wanaozonga taa usiku, wakichanganyika na vumbi, huziba mapezi. Osha kwa maji ya kasi ndogo, kutoka upande wa injini kuelekea nje.

Giaboksi. Usidanganywe kwamba mafuta yake ni ya maisha. ZF wenyewe, watengenezaji wa giaboksi nyingi za BMW, wanashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Kwenye giaboksi yao ya 6HP kichujio kimeungana na sinia la plastiki, vinatoka pamoja. Kiwango kinapimwa injini ikiunguruma na mafuta yakiwa nyuzi 30 hadi 50, si kwa kukisia. Aliyejaza ATF (mafuta ya giaboksi) yoyote aliyoikuta dukani ameshaanza kuiua. Kwenye Crown na Mark X ni mafuta ya Toyota WS.

Matairi. Athlete nyingi huja na 225/45R18. Ukuta wa tairi hilo ni kama sentimita 10, nao hauna huruma kwenye barabara za mawe za mlimani. Ukishuka rimu ya 17 yenye 225/50, unapata sentimita moja zaidi na rimu hazipindi ovyo. Hakikisha rimu ndogo inapita breki kabla ya kulipa. BMW nyingi hazina tairi la akiba, zina matairi yanayoendelea kutembea yakiwa hayana upepo, kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Yakishabadilishwa kuwa ya kawaida, kama ilivyo kwa mengi hapa, huna ulinzi wowote ukipata pancha kati ya Busisi na Geita. Daraja limeondoa foleni ya kivuko, pancha liko palepale. Weka tairi la akiba kwenye buti.

Chini ya gari: kutu. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi, kwa hiyo gari la Mwanza lenye kutu nyingi chini limetoka nalo pwani, au lilikotoka humwagwa chumvi barabarani wakati wa theluji. Taa ya mifuko ya hewa lazima iwake ukifungua swichi na izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameinyamazisha.

Karatasi. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, namba ya chasisi uisome kwenye bodi mwenyewe. Angalia deni la faini kwenye mfumo wa polisi, tms.tpf.go.tz, na deni la maegesho la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Yote yanafuata namba ya gari, hayamfuati aliyeuza. Stika ya bima ihakiki kwa TIRA, mamlaka ya bima. Namba ya Zanzibar inaweza kuwa na maana kuna kodi ya tofauti inayokusubiri Bara. Ukikuta kadi iko benki, malipo yafanyike benki, mbele ya afisa wao.

Funguo ziwe mbili. Ufunguo wa pili wa BMW au Mercedes hauchongwi mtaani. Malipo mchana, kwa akaunti ya mwenye kadi, si ya dalali wala ya "mdogo wake". Bima kubwa ianze siku hiyo hiyo. Na ukilichukua Dar, usiliendeshe moja kwa moja usiku kucha hadi Mwanza kwa furaha ya gari jipya: lala Singida, asubuhi fungua boneti likiwa baridi, angalia kulanti, halafu ndiyo uendelee. Kati ya Shinyanga na Misungwi punguza, ng'ombe wapo barabarani.