Antena ya Gari kwa Mawasiliano ya Ndani ya Kanda ya Kati

Mwenye redio ya ridhaa anayesafiri kwa gari kati ya Dodoma, Singida na Iringa hukutana na tatizo la kushangaza: anaweza kusikika Ulaya ilhali mwenzake aliye Manyoni hamsikii kabisa. Redio ya VHF (mawimbi mafupi sana) hufika upeo wa macho tu, hivyo ukiteremka kuelekea Mtera, au ukiwa nyuma ya milima ya Rubeho, mawasiliano hukatika. Antena ya HF (mawimbi mafupi yanayoweza kufika mbali) iliyosimama wima nayo hurusha mawimbi chini chini kuelekea mbali na kuacha karibu utupu juu yake. Kwa mawasiliano ya ndani ya kanda, mawimbi yanapaswa kupanda karibu wima, yaakisiwe na ionosfera, yaani tabaka la juu la angahewa lenye chaji ya umeme, kwenye kimo cha kilomita 300 hivi, kisha yashuke juu ya eneo lenye upana wa mamia ya kilomita. Kwa njia hiyo mlima hauzuii kitu, kwa kuwa mawimbi hutoka juu.

Chagua masafa (idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde) kabla ya antena. Mchana tumia bendi ya megahezi 7, ambayo kwetu huanzia 7.0 hadi 7.2, na usiku ionosfera inapodhoofika hamia bendi ya 3.5, kwani mawimbi yenye masafa makubwa kupita kiasi hutoboa ionosfera na kwenda zake. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na ipatikane kabla ya kubonyeza kitufe cha kurusha.

Sasa gari lenyewe. Robo ya urefu wa wimbi katika megahezi 7 ni kama mita 10, na hakuna gari linaloweza kubeba fimbo hiyo barabarani. Ndiyo sababu tunatumia fimbo ya mita 2.5 hivi yenye koili. Ufupi huo una gharama: ukinzani wa urushaji (ule unaogeuza umeme kuwa mawimbi) huwa oumu chache tu, huku upotevu kwenye koili na ardhini ukiweza kupita oumu 10, kwa hiyo kati ya wati 100 za redio, mara nyingi hata robo haifiki hewani. Koili nene yenye nafasi kati ya mizunguko hupunguza hasara hiyo. Kitako cha antena kifungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma kionekane, kisha boneti, milango, buti na ekzosi viunganishwe na chesisi kwa mikanda ya shaba iliyosukwa. Kazi hii huchosha, lakini ndiyo pia inayopunguza kelele za injini kwenye redio. Nyaya za umeme zitoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu nayo.

Ili mawimbi yapande juu, ilaze fimbo kuelekea nyuma ya gari na kuifunga kwa kamba isiyopitisha umeme. Ikishalala, masafa yake ya mwafaka hushuka kwa sababu imekaribia bodi, kwa hiyo ifupishe kidogo huku ukisoma mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena. Ncha yake isiguse chuma wala mtu, kwani ina volti nyingi wakati wa kurusha na huunguza. Usiilaze gari likiwa linatembea kwenye njia za vichaka. Fimbo yangu ya kwanza ilibaki kwenye mgunga.

Hata hivyo, ukiwa na nusu saa ya kuegesha, sahau fimbo na utumie antena ya waya. Kupata urefu wake, gawanya 143 kwa masafa ya megahezi: kwa 7.1 utapata takriban mita 20, yaani waya wa mita 10 kila upande wa kebo. Inua katikati kwenye mlingoti wa mita 4 au 5 uliofungwa garini, au kwenye tawi la mbuyu, na ncha zifungwe kwa kamba, juu ya kichwa cha mpita njia. Kimo kidogo hicho, ambacho ni kasoro kwa anayetafuta nchi za mbali, ndicho kinachotufaa, kwa kuwa hupeleka mawimbi juu. Kaa mbali na nyaya za umeme, na wingu la radi likionekana chomoa kebo mapema. Wakati wa kiangazi, upepo wenye vumbi huweza kuchaji waya hadi ukatoa cheche. Kipinga cha kiloumu 100 kati ya waya wa katikati wa kebo na ganda lake huondoa chaji hiyo polepole.