Namna ya Kucheza Karata za Kusubiri katika Poka Isiyo na Kikomo cha Dau

Katika poka ya Texas Hold'em, ambamo kila mchezaji hushika karata mbili na tano hufunuliwa mezani kwa wote, karata za kusubiri ni zile ambazo bado hazijakamilisha kitu, lakini zinaweza kukamilika kwa karata moja ijayo: kopa nne zinazotafuta ya tano ili ziwe flashi (karata tano za aina moja), au karata nne zinazofuatana zinazohitaji moja ya upande wowote ili uwe mfululizo. Wachezaji wengi hulipa dau baada ya dau wakingoja karata hiyo ishuke, na isiposhuka hutupa. Uchezaji wa namna hiyo hupoteza nusu ya thamani ya karata hizo, kwa kuwa zina njia mbili za kushinda: kukamilika, na kumfanya mpinzani atupe kabla hazijakamilika.

Anza kwa hesabu. Karata tatu za kwanza zikishafunuliwa mezani, zinabaki 47 usizoziona. Mwenye kopa nne anangoja kopa 9. Uwezekano wa kuipata moja katika karata ya nne ni asilimia 19, na katika mbili zilizobaki ni asilimia 35. Mwenye mfululizo ulio wazi pande zote anangoja karata 8, yaani asilimia 17 na takriban 31. Ukishika nane na tisa za kopa, na mezani pana saba ya kopa, sita ya pau na mbili ya kopa, una vyote viwili: karata 15 zinakufaa, na utaipata mojawapo kwa asilimia 54.

Sasa tuseme fungu la mezani lina chipu 100, mpinzani ameweka 60, nawe, kama yeye, ulikuwa na 300 kabla ya dau hilo. Ukilipa 60 ukiwa na kopa nne tu, unahitaji uwezekano wa asilimia 27 (60 kati ya fungu la 220) ilhali karata ijayo inakupa 19. Malipo hayo yatafaa tu ikiwa, ukiipata kopa, mpinzani atakuongezea kwa wastani chipu 94 hivi. Ukiweka zote 300, mambo hubadilika. Akitupa, unachukua 160 papo hapo. Akilipa, fungu linakuwa 700, na asilimia 35 yake ni 245, hivyo unapoteza 55 kwa wastani. Inatosha basi atupe zaidi kidogo ya mara moja katika kila nne ili ufaidike. Kwa zile karata 15, hata akilipa kila mara unapata takriban 78, ilimradi karata unayoingoja ikishuka iwe ndiyo ya ushindi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba shinikizo liwekwe mapema. Karata ya nne ikishapita bila kukufaa, zile 15 zinashuka hadi asilimia 33 na kopa 9 zinabaki na asilimia 20, na mpinzani aliyekwisha kulipa mara mbili hatupi kwa urahisi.

Hata hivyo, hesabu ya kutupa inamtegemea mtu aliye mbele yako. Kwa mchezaji asiyetupa jozi yoyote, usipandishe dau kwa karata 8 au 9. Lipa ikiwa bei ni nafuu na una zamu ya kuamua baada yake, vinginevyo tupa. Wapinzani wakiwa watatu au wanne, uwezekano wa wote kutupa ni mdogo mno, na hapo ubora wa karata yenyewe ndio huamua: flashi yenye ree haishindwi na flashi nyingine, lakini ile ya tisa na nane inaweza kukamilika na bado ikakumaliza chipu zote. Mezani pakishatokea jozi, punguza dau hata kama unangoja flashi yenye ree, kwani huenda mwenzako tayari ana karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, na kwake flashi yako haina kazi.