Fremu ya zamani ya mashindano: pima pembe kabla ya kuuliza bei

Baiskeli za mtumba zikishushwa hapa Mombasa, wenzangu hukimbilia rangi na stika. Mimi huchuchumaa nikaitazama fremu kwa ubavu. Ya mashindano ya miaka ya 1970 huijua kwa mbali: mabomba membamba, la juu limelala sawasawa, na gurudumu la nyuma limesogezwa hadi karibu liguse bomba la siti.

Fungua kipimo cha pembe kwenye simu. Simamisha baiskeli wima mahali tambarare, egemeza simu kwenye bomba la siti, kisha la usukani, lile fupi la mbele ya fremu. Ukipata nyuzi 73 au 74, hiyo ni ya mbio. Bomba la usukani la Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, halifiki 70. Ndiyo maana inabeba gunia la makaa bila kuyumba, ila kona inaichukua polepole. Yangu, nikivuka daraja la Nyali alfajiri, nainamisha bega tu na imeshageuka.

Sasa fuata kwa macho mstari wa bomba la usukani mpaka chini. Utagusa ardhi mbele ya pale tairi linapokanyaga, sentimita tano au sita hivi. Umbali huo ndio unaoinyoosha baiskeli ukiachia mikono, na ajali ya mbele huuharibu. Fremu yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya stika ya Reynolds 531, chuma cha Birmingham kilichoanza kuuzwa 1935. Nyumbani nikakuta rangi imekunjamana kama utando wa maziwa, upande wa chini wa bomba la mshazari, lile linaloshuka kutoka usukani hadi pedeli, karibu na usukani. Ilivuta kushoto siku zote, na nililia na pesa zangu. Pitisha kidole hapo kwanza.

Stika hubandikwa na yeyote. Chomoa nguzo ya siti usome namba iliyogongwa: milimita 27.2 ni dalili ya mabomba mepesi. 26 kushuka chini, mara nyingi ni mazito.

Kisha funga uzi penye ekseli ya nyuma, uzungushe mbele ya bomba la usukani, uurudishe upande wa pili. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita moja si neno.

Nafasi kati ya ncha mbili za fremu zinazoshika gurudumu la nyuma, kwenye fremu za giya sita za nyuma, ni milimita 126. Magurudumu mengi ya baadaye yanataka 130. Fremu ya chuma, fundi mzuri ataipanua taratibu. Aluminiamu usiiguse.