Kunakili sura ya Lamqua kwa rangi za mafuta: hatua, na pale nilipokwama

Wiki iliyopita nilikaa na mwanafunzi wangu akinakili picha iliyochorwa na Lamqua, mchoraji wa Kichina wa karne ya 19, nikamwona anatumbukia shimo lilelile nililotumbukia mimi.

1. Chagua picha. Karakana ya Lamqua ilikuwa Guangzhou, karibu na maghala ya wafanyabiashara wa kigeni. Anza na Howqua, tajiri wa chai aliyefariki 1843, ambaye sura yake ilinakiliwa sana hata enzi zile. Wagonjwa ambao Lamqua aliwachora kwa ajili ya daktari Peter Parker, ambao picha zao nyingi ziko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wanafundisha ngozi vizuri zaidi, ila wana uvimbe wa kutisha.

2. Turubai iwe ya uzi laini. Chora mistari.

3. Kivuli cha uso. Hapa usiharakishe. Spoilum, mchoraji wa Kichina wa mwishoni mwa karne ya 18, aliumulika uso wote sawasawa, kivuli hakuna. Lamqua anafuata mtindo wa George Chinnery, Mwingereza aliyefika Macau 1825: upande mmoja wa uso unazama gizani. (Kama kweli alikuwa mwanafunzi wake watu wanabishana, mimi naona alimtazama sana.) Nilichanganya nyeusi kwenye rangi ya ngozi, uso ukawa wa majivu, kama maiti. Nikakwangua, nikarudia. Jioni tatu! Nyeusi usiiguse kabisa. Kivuli ni kahawia ya udongo na nyekundu kidogo, nyembamba hadi turubai ionekane chini yake. Nyeupe ibaki upande wa mwanga. Ikiingia kivulini tu, majivu yanarudi. Mpaka wa mwanga na kivuli ulainishe kwa brashi kavu, mara mbili, uache. Brashi ya feni sitaki hata kuiona: inageuza shavu kuwa puto. Na tabaka hili liwe la tapentaini zaidi kuliko mafuta ya kitani, maana tabaka lenye mafuta mengi likikaa chini ya lenye mafuta machache, picha itapasuka. Ukikosea, kwangua ingali mbichi, usifunike.

4. Tia nyekundu kwenye kona ya jicho, tundu la pua, na kati ya midomo. Nyekundu ya zebaki ya zamani ni sumu. Nunua ya kisasa.

5. Joho: buluu ya Prussia, na nyeusi sasa ruksa.

6. Vanishi isubiri miezi sita. Mwanafunzi wangu alisubiri wiki mbili. Picha yake ya kwanza mpaka leo inanata.