Kabla hujaenda kuzima moto wa porini

Kuanzia Agosti mpaka mvua zinaposhuka mwezi wa kumi na mbili, nyasi kwenye vilima vya Kondoa na vichaka vya Itigi zinakauka kweli, na upepo hauna simile. Simu ikipigwa kwamba moto umeingia msitu wa kijiji, watu wanavunja matawi na kukimbia walivyo, wengine na kandambili. Ndugu zangu, tujiandae kwanza.

Nguo. Vaa jinzi, shati la pamba la mikono mirefu na buti za ngozi. Jezi iache nyumbani, maana kitambaa chake kinayeyuka na kuganda mwilini. Kijana mmoja kwetu tulimkata jezi kwa mkasi, ngozi ya bega ikaja nayo.

Maji ndiyo tunayoyapuuza zaidi. Anza kunywa kabla hujatoka, na huko kwenye joto unywe kama robo lita kila dakika 15 hadi 20, bila kusubiri kiu. Uangalie na mkojo: ukitoka mweusi kama chai ya rangi huku misuli inauma kupita kawaida, huenda misuli imeanza kuharibika na figo ziko hatarini. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwenzako akianza kuropoka au kupepesuka, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na gari liitwe papo hapo.

Moshi una hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Kitambaa kibichi hakiizuii, hata barakoa ya N95 inazuia chembechembe tu. Kwa hiyo pangeni zamu mapema, na anayeumwa kichwa au kusikia kichefuchefu atoke kwenye moshi bila kuonekana mwoga. Mwaka 2022 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani. Ukirudi, oga, na nguo za masizi zisiingie chumba wanacholala watoto.

Jihadharini pia na miti yenye mapango: inaungua ndani kwa ndani, halafu inaanguka ghafla.

Namba ya zimamoto ni 114. Mjue nani ana gari, nani anabaki na simu yenye chaji, na mwandike majina ya wote wanaotoka, muyasome tena moto ukizimika, kabla mtu yeyote hajaondoka.